Mlango wa Mzee Entwistle

Kwa mambo ya moto, Lorraine Schofield hakuwa na mchezo. Wapangaji wa Jengo la Thornley, pale mjini Rochdale, walimwita Bi Zimamoto, naye alijua, na alipenda. Ukiweka zulia la kufutia miguu nje ya mlango wako, utalikuta jalalani. Ukiacha baiskeli koridoni, anakubandikia onyo mlangoni ili majirani wote wasome. Rubina Akhtar wa ghorofa ya nne aliwahi kuacha kigari cha mtoto nje ya mlango wake, na Lorraine akamgombeza palepale, mbele za watu.

"Moshi ukijaa hapa, watu watajikwaa kwenye kigari chako wafe," alimwambia. "Unataka kubeba roho za watu, wewe?"

Rubina alikiingiza ndani. Na kusema kweli, Lorraine hakukosea. Ndiyo kazi ya meneja wa jengo: njia iwe wazi, king'ora kilie, na kila mlango wa nyumba ujifunge wenyewe ukiachiwa, ili moto ukizuka kwa mmoja usitoke kwenda kwa wengine.

Lakini mlango wa mzee Cyril Entwistle, uliotazamana na wa Rubina, haukujifunga.

Zamani ulijifunga. Juu yake palikuwa na mkono wa chuma wenye springi kali, na mzee, tangu alipoanza kutembea kwa kushikilia fremu ya chuma, alikuwa akipigana nao kila akitoka. Siku moja Lorraine alimkuta amebanwa kati ya mlango na ukuta, fremu imelala chini, mzee anajitia kucheka huku machozi yanamlenga. Alimnasua, akamketisha, wakanywa chai. Alimpenda mzee yule, mbishi kama marehemu baba yake. Angeweza kuagiza springi laini. Zipo, zimetengenezwa kwa ajili ya wazee, ila fundi angechukua wiki kadhaa kufika. Basi akatoa bisibisi mkobani, akapanda kiti, akaung'oa ule mkono wa chuma.

"Ni mpaka fundi aje tu," alisema.

"Una roho nzuri, binti," alijibu mzee. "Ongeza sukari."

Fundi hakuitwa. Mwanzoni Lorraine alisahau, na baadaye akaona haya kumwita, kwa sababu fundi angeuliza nani aliyeutoa mkono ule. Kila alipokuja kukagua, birika lilikuwa tayari limechemka, na kwao huko mtu hamkatizi mzee chai yake ili amchezee mlango. Alikunywa, akasifu biskuti, akaandika kuwa mlango ni mzima.

Ijumaa moja mchana mzee alibandika sufuria ya mafuta ya chipsi, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu aoe, akasinzia kitini. Moshi ndio uliomwamsha. Alijikokota nje na fremu yake, na mlango ukabaki wazi nyuma yake. Rubina alitoka kwenye lifti, mtoto kifuani, akaingia katikati ya moshi ule asione pa kushika. Zimamoto waliwatoa wote wakiwa hai. Lakini mtoto alilazwa, na aliporudi nyumbani alikuwa bado anapumua kwa kukoroma, na mama yake halali usiku akimsikiliza.

Kampuni yenye jengo ikaita kikao katika ukumbi wa chini. Bwana Pickersgill, bosi wa Lorraine, alisimama mbele na tai yake.

"Mlango ule ulitolewa springi," alisema. "Nataka kujua ni nani aliyeitoa."

Lorraine alikuwa amekaa kiti cha mbele. Alifungua mdomo. Kabla hajatoa sauti, alisikia fremu ikikwaruza sakafu nyuma yake.

"Mimi," alisema mzee Entwistle. "Ilikuwa inanisumbua, nikaing'oa. Nawaomba radhi nyote. Wewe zaidi, Rubina."

"Wewe, mzee?" aliropoka mpangaji mmoja. "Wewe ambaye hata kopo la jamu unatuletea tukufungulie?"

Watu wachache walicheka. Mzee hakucheka. Pickersgill alishusha pumzi, akasema kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba basi itabidi mzee ahamishiwe kwenye makao ya wazee, maana hawezi tena kuaminiwa peke yake.

"Ni sawa," alisema mzee. Nyumba ile ndimo alimoishi na mkewe mpaka mkewe akamfia mikononi. Alisema tena, polepole, "Ni sawa."

Na Lorraine alinyamaza. Alijiambia anasubiri nafasi nzuri ya kusema. Hakuwa anasubiri nafasi. Alikuwa anaiona kazi yake imesalimika, na moyo wake, bila kumwomba ruhusa, ulikuwa umefurahi. Alipoutambua ule uchangamfu kifuani mwake ndipo aibu ilipomshika, kali, uso ukamwaka hadi masikioni.

Rubina hakuwa amecheka. "Babu," aliuliza, "ulipanda juu ya nini hadi ukafika kule juu?"

"Kiti."

"Kwa miguu hiyo?"

Mzee alitazama vidole vyake juu ya fremu. Rubina akageuza macho, taratibu, hadi kwa Lorraine.

Lorraine alisimama. "Ni mimi," alisema. "Niliitoa mimi, kisha kila nilipokuja kukagua nikaandika kuwa ipo. Mzee anadanganya kwa ajili yangu. Msimhamishe."

Pickersgill alianza kusema jambo, akaliacha. Mzee Entwistle alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyerudishiwa zawadi.

"Ulifanya kwa kumhurumia," alisema Rubina hatimaye. "Hilo naliona, na pengine siku moja nitakusamehe, mwanangu akipona. Lakini mzee huyu amesimama kwa miguu mibovu akatuomba radhi, na wewe ulikuwa umekaa."

Rubina alimvutia mzee kiti, akamshika mkono mpaka akaketi vizuri. Watu wakamgeukia Pickersgill kuuliza mambo ya mlango mpya. Lorraine akabaki amesimama pale mbele, mikono haijui pa kukaa, na hakuna aliyemwambia aketi.