Mgeni Husindikizwa Nusu Njia

Baba yangu, Papa Munguakonkwa, hutembea kila jioni, na haendi popote. Jua likianza kupoa anavaa koti na kofia, anapangusa viatu vyake vya ngozi, anashika fimbo ambayo miguu yake haiihitaji, kisha anatoka. Hapa mtaani Mabanga watu wengi hutembea kwa sababu hawana nauli ya pikipiki. Yeye anataka ieleweke kwamba anatembea kwa kupenda. Ndiyo maana huenda polepole, kifua mbele, akisalimia kulia na kushoto kama padri anayetoka misa.

Mimi ni Élodie, binti yake mkubwa. Nilirudi nyumbani baada ya ndoa yangu kunishinda, na tangu hapo ndiye ninayefuatana naye. Mama alishafariki, na Papa hapendi kutembea peke yake, ingawa ukimuuliza atakuambia ni mimi ninayehitaji hewa.

Nyuma ya fimbo ile nimejifunza mengi, na zaidi ya yote nimejifunza kusindikiza. Kila mtu anajua kwamba mgeni haachwi aondoke kama mbuzi. Lakini Papa amelifanya jambo hilo kuwa mizani. Mtu anayemdharau humfikisha langoni. Anayemvumilia humfikisha kwenye kona ya muuza makaa. Anayemheshimu kweli humpeleka nusu njia, wakizungumza bila haraka, na hapo ni zamu ya mgeni kumwachilia mwenyeji, amwambie inatosha, arudi. Watu wa mtaa wanaijua mizani hiyo. Nimemwona mtu mzima akinuna wiki nzima kwa sababu Papa aligeukia kwenye makaa.

Sasa, Jumapili moja Théogène alikuja kumposa mdogo wangu Joviale.

Théogène ni kijana wa Masisi anayeuza jibini mtaani kwetu, yale mabonge ya duara yenye ganda la manjano. Zamani kwao walikuwa na ng'ombe. Baba yake aliuawa, ng'ombe wakaenda na waliomuua, na sasa kijana anauza jibini ya ng'ombe wa watu wengine. Joviale alianza kwa kununua kipande, akaendelea kwa kununua bila sababu, hadi nyumba nzima ikanuka jibini na kila mtu akaelewa isipokuwa Papa. Au labda Papa alielewa mapema kuliko sote.

Alikuja peke yake, na hapo ndipo alipojikwaa. Posa huletwa na wazee. Kijana hajiposei kama anayeomba maji ya kunywa. Alikuwa amevaa viatu vipya vyenye ncha, na mkononi alibeba bonge zima la jibini, limefungwa kwa karatasi safi. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Papa, mimi niko na mama tu," alisema. "Bazee yetu bamoja balikufa, bengine balibakia ku milima, njia haiko. Nikasema kama nawangojea, nitazeeka. Ndiyo nimekuya mimi peke. Unisamehe."

Alisema vizuri, wala sauti haikutetemeka. Papa alikata jibini, akala kipande, akakata kingine, akasema ni tamu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitabasamu. Mimi tabasamu lile nalijua, lilitangulia kila neno baya aliloniambia nilipoachika. Kisha akainuka na kuchukua fimbo.

"Tutembee kidogo, mutoto wangu. Nitakusindikiza."

Joviale alikuwa jikoni, sikio mlangoni. Alinishika mkono nilipopita.

"Dada, Papa anamusindikiza?"

"Anamusindikiza."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili, akacheka ndani ya viganja. Nilimwacha hivyo.

Tukatoka watatu, wao mbele, mimi nyuma na mwavuli wa Papa mkononi. Langoni Papa hakusimama. Kwenye makaa hakusimama, na muuza makaa akainua kichwa kutazama. Théogène alinigeukia mara moja, na nikaona furaha ikimpanda usoni. Papa alimhoji kwa upole. Kwao wanalala wangapi? Anasali wapi? Jibini ikiharibika hasara ni ya nani? Na huku anauliza, aliacha njia nzuri akashika ile ya mawe meusi, mawe ya volkeno ambayo huchana ngozi ya kiatu kama kisu. Papa ameyazoea, anajua aweke mguu wapi. Kijana na viatu vyake vya ncha alikuwa akiyumba, lakini mdogo hamwambii mkubwa apunguze mwendo. Nilitabasamu nyuma yao. Mimi pia nina ulimi wa baba yangu, na roho yake kidogo.

Tulipofika nusu njia, Théogène alifanya kama mtoto aliyelelewa. Alisimama, akashika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, akainamisha kichwa.

"Papa, inaenea, inatosha. Urudi sasa."

"Twende mbele kidogo," Papa akajibu.

Théogène alimwomba tena mbele kidogo, na tena. Jibu lilikuwa lile lile. Baada ya hapo hakuomba tena. Alianza kutembea kifua mbele, akiwasalimia watu wa pembeni kwa sauti ili waone anatembea na nani. Ilikuwa furaha ya mtu aliyezoea kufungiwa milango, na kuitazama kulinikera, kisha kukaniumiza. Papa hakuwahi kupita nusu njia, hata kwa ndugu yake wa damu. Tabasamu langu likaisha.

Tukashuka mpaka Mapendo, mtaa wa Théogène. Kwao ni chumba kimoja cha mbao, bati juu, turubai ubavuni. Mama yake, Annonciata, alikuwa mlangoni akichagua maharage kwenye ungo. Alipomwona mwanawe akija na mzee mwenye koti, aliweka ungo chini. Théogène alimwambia ni nani.

Baba wa msichana hakanyagi kwa mvulana kabla ya mahari. Ni wao wanaokuja kwetu, wanakaa chini, wanasubiri. Kwa hiyo yule mama alielewa jambo moja tu, ambalo mtu yeyote angelielewa. Alipiga goti, akampa Papa mikono yote miwili. Akaita majirani. Kiti kilitoka nyumba ya pili, chupa ya Fanta ikatoka sijui wapi, kitambaa kikatandikwa juu ya meza ndogo. Wanawake walijaa kwenye kijia wakitutazama.

"Mungu amenikumbuka," Annonciata aliwaambia. "Bwana yangu hayuko, ndugu zake habako, nilikuwa najiuliza nani atamusemea mutoto wangu. Muone papa huyu. Amekuya yeye mwenyewe, na miguu."

Papa aliketi. Alikunywa Fanta hadi nusu ya chupa, bila haraka, akiwaacha wamalize kufurahi. Nilimgusa bega, nikamwambia Papa twende. Hakunitazama. Alipoweka chupa mezani kila mtu alinyamaza, kwa sababu walidhani anataka kubariki.

"Mama," alisema, "nilikuwa namusindikiza mutoto wako. Kwetu mugeni tunamusindikizaka nusu njia, sababu tunapenda arudi siku ingine. Ule mwenye hatupendi arudi, tunamufikisha mpaka kwake. Basi nimemufikisha."

Akainuka na kupangusa koti.

Mwanamke mmoja alicheka kwa kutoelewa, mwenzake akamkanyaga mguu. Théogène alitazama viatu vyake. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na nilimchukia baba yangu kwa moyo wote, mbele ya watu wale, huku nikishika mwavuli wake.

Annonciata aliiondoa ile chupa mezani. Kisha akafunga upya kitenge kiunoni.

"Na sisi tunasindikizaka bageni, papa," alisema. "Théogène, ubaki uangalie maharage."

Akatoka nasi. Papa alidhani ni adabu tu, atatufikisha barabarani. Barabarani akamwambia, "Inaenea, mama, urudi." Annonciata akaendelea tu. Papa akaongeza mwendo. Yule mama alikuwa na kandambili zilizofungwa kwa waya, lakini hakuachwa hata hatua moja. Papa akashika tena njia ya mawe meusi, nadhani kwa makusudi. Annonciata akapita juu yake kama anapita uani kwake.

"Mama, unatembea muzuri," Papa alisema mwishowe, kwa kukosa la kusema.

"Nilitoka Masisi na miguu, papa. Nikiwa na mutoto ku mugongo."

Papa alimwambia arudi mara ya pili, na kwenye kona ya makaa alimwambia kwa ukali. Muuza makaa alisimama kabisa. Jasho lilikuwa likimtoka baba yangu chini ya kofia, na kwa mara ya kwanza niliona anaiegemea ile fimbo.

Langoni Joviale alikuwa akingoja. Alikuwa ameoga, amebadili nguo, amejipaka mafuta. Alimwona Papa, akaniona mimi, akamwona mama wa Théogène aliyekuja na Papa mpaka nyumbani kwetu, naye akaelewa kile ambacho mtu yeyote angelielewa. Alipiga goti pale pale kwenye changarawe, akampa mikono yote miwili. Alikimbia akaleta kiti, akaleta maji, akamwaga nusu kwa haraka.

Annonciata hakuketi. Alimtazama yule msichana muda mrefu, akamshika kidevu.

"Kumbe ndiyo huyu," alisema taratibu. Kisha akamgeukia Papa. "Papa, nimekufikisha." Na kwa Joviale akasema, "Ubaki na amani, mutoto." Akaanza kuondoka.

Joviale alibaki na glasi mkononi.

"Dada," aliniuliza, "kumetokea nini?"

Papa alinikazia macho. Nikamweleza yote: njia, mawe, kitambaa juu ya meza, Fanta, majirani, na maneno ya Papa neno kwa neno. Nilimwambia kwa sababu yule mama hangemwambia, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kutembea nyuma.

Joviale hakulia. Aliweka glasi juu ya kiti. Akavuta kitenge chake kwenye kamba ya nguo, akajifunga, akapita mbele ya Papa kuelekea barabarani.

"Unaenda wapi?" Papa akauliza.

"Nasindikiza mugeni."

"Giza linaingia. Umufikishe wapi?"

"Mpaka kwake," Joviale akajibu.

Papa alifungua mdomo, lakini muuza makaa na wateja wake walikuwa wakitazama, na huwezi kumkataza mtoto kusindikiza mgeni mbele ya watu uliowafundisha wewe mwenyewe kuhesabu hatua. Tuliwaona wakienda, yule mama akimwashiria arudi, mdogo wangu akimshika mkono. Walipita makaa. Mbele zaidi walichanganyika na watu wanaorudi kutoka sokoni, na sikujua tena kitenge kipi ni chake.

Papa alisimama pale hadi taa za jirani zikawaka. Halafu akaniambia nifunge lango, Joviale akiwa bado hajarudi. Nilifunga.