Jibu la Swali la Nne

Judith alipofika ofisi ya parokia katika kijiji cha Daudi kujiandikisha kwa masomo ya watu wazima, hakuwa na mpango wa kusoma Historia. Alitaka Kiswahili, Uraia, Baiolojia na mengine mawili matatu yasiyo na maneno mengi. Katibu wa kituo akamgeuzia ratiba aisome mwenyewe, na kwenye mstari wa Historia akaona jina: Mwl. Nicodemo Sulle (mstaafu). Akalisoma mara mbili.

"Niandike na Historia," alisema.

"Mama Clement, Historia ina tarehe nyingi. Itakusumbua."

"Niandike tu."

Alikuwa na miaka hamsini na tatu, mjane wa Hermani Akonaay, mwenye shamba la mahindi na maharage na ng'ombe wawili wa maziwa. Kwa jinsi alivyokizungumza Kiiraqw, lugha ya pale, wengi walidhani ni mzaliwa wa Daudi. Lakini Judith alizaliwa Gendabi, chini kule Hanang, kwenye boma la mfugaji Mdatoga aliyeitwa Gidabuday, na ndiye binti wa kwanza wa boma lile kukanyaga sekondari.

Mwaka 1989 alikuwa kidato cha nne. Siku za shule aliishi kwa katekista mmoja mwenye sanduku la vitabu vilivyoachwa na padri wa zamani. Kimoja kilikuwa cha historia ya dunia, kimebanduka jalada, kinaanzia ukurasa wa kumi na tatu. Judith alikisoma mpaka kikamwingia kichwani kama Baba Yetu. Alijua Wajerumani walivyolazimishwa kusaini mkataba kule Versailles, na jinsi miaka minne baadaye walivyobeba noti kwenye matoroli kwenda kununua mkate. Alijua Oktoba ya mwaka 1929, soko la hisa lilipoanguka kule Marekani na njaa ikatembea dunia nzima, hadi bei ya mkonge wa Tanganyika ikaporomoka. Basi kwenye mtihani wa majaribio, swali la nne lilipouliza mdororo ule uliathiri vipi makoloni, alijaza kurasa tano.

Mwalimu Nicodemo, kijana wa miaka thelathini wakati huo, aliingia darasani na karatasi ile mkononi.

"Mang'ati gani anajua habari za Wall Street?" aliuliza, kwa jina la dharau wanaloitwa Wadatoga. Darasa likacheka. "Umeiba majibu. Nani alikupa?"

Judith alisema hakupewa na mtu. Mwalimu akaichana karatasi vipande mbele ya wanafunzi arobaini, akaviacha vianguke sakafuni. Wiki hiyo hiyo Judith alifukuzwa shule. Baba yake aliitwa kutoka Gendabi, akatembea siku nzima na fimbo yake, na mwalimu yule yule akamwambia kuwa binti yake ni mwizi wa mtihani. Mzee Gidabuday hakujua mtihani unaibwaje, ila neno mwizi alilijua vizuri. Alipofika nyumbani aliwaambia wazee wenzake mwenyewe, wasije wakasikia kwa wengine. Aliishi miaka kumi na minne zaidi na hakulizungumzia tena jambo lile. Alikufa akiamini alizaa mwizi.

Hilo ndilo lililomkaa Judith kooni. Kufukuzwa angekumeza.

Siku ya kwanza ya somo, saa tisa alasiri, alikaa benchi la mbele kwenye ukumbi wa parokia. Wanafunzi walikuwa tisa, wengi vijana waliofeli au waliokatishwa masomo na ujauzito. Mwalimu Nicodemo aliingia na koti la kijivu na mkongojo. Wote wakasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaeni." Alipitia daftari la mahudhurio. "Judith Akonaay. Ndiyo wewe mama? Hongera. Elimu haina mwisho."

Hakumtambua hata kidogo. Mtenda husahau. Judith alitabasamu akafungua daftari.

Hakuwa na haraka. Alisubiri mpaka wiki ya tatu, walipofika kwenye miaka iliyo kati ya vita viwili vya dunia. Mwalimu aliandika ubaoni kuwa mwaka 1922 Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza na Umoja wa Mataifa. Judith akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Umoja wa Mataifa ulianza mwaka 1945. Mwaka 1922 kilichokuwepo ni Ushirika wa Mataifa."

Mwalimu aliutazama ubao. "Ndiyo. Nimeteleza." Akafuta.

Wiki iliyofuata alisema Hitler alipindua serikali ya Ujerumani. Mkono ukanyooka tena.

"Hakupindua, mwalimu. Aliteuliwa na rais wao, tarehe thelathini Januari 1933. Alipewa nchi mkononi."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Judith alisikia kicheko kile kikimteremka mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Tangu hapo hakumwachia. Kila alipokosea mwaka, mkono ulikuwa juu. Alipouruka uvamizi wa Wajapani kule Manchuria, alimkumbusha. Alipochanganya vita vya Adowa na uvamizi wa Ethiopia wa mwaka 1935, alimsahihisha kwa sauti ya upole kabisa, akianza na "samahani mwalimu," mpaka maneno hayo mawili yakawa mzaha wa darasa. Vijana wakaanza kumuuliza yeye maswali, mwalimu akiwa amesimama pale pale.

Imakulata, msichana aliyekuwa akikaa naye benchi moja, alimfuata nje siku moja. "Mama Clement, mwonee huruma mzee. Jana baada ya kipindi nimemkuta amekaa peke yake ukumbini, anasoma kitabu cha kidato cha pili."

"Asome," Judith alisema. "Mimi bado sijamaliza."

Mwezi Septemba ulikuja mtihani wa majaribio. Judith hakuyatazama hata maswali mengine. Alitafuta lile la mdororo, na lilikuwepo. Akaandika kurasa zile zile tano alizoandika akiwa na miaka kumi na minane, sentensi kwa sentensi, kwa mwandiko ule ule wa kulalia kushoto. Juu ya karatasi hakuandika Akonaay. Aliandika: Judith Gidabuday.

Siku mbili baadaye, asubuhi, alikuwa akikamua ng'ombe alipomwona mwalimu akipanda kilima taratibu kuja kwake. Alimaliza kukamua kwanza. Mwalimu alisimama uani akisubiri. Hakukaribishwa kiti.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Akafungua mkoba wake wa ngozi, akatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa. Juu yake vilikuwa vimebandikwa vipande vya karatasi ya zamani, vimeungwa ukingo kwa ukingo, gundi imegeuka rangi ya chai. Judith aliutambua mwandiko kabla hajaukaribia.

"Niliviokota siku ile ile, ninyi mlipotoka kwenda mapumziko," Nicodemo alisema. "Mimi nilisomea Siasa. Historia nilipewa tu, mwalimu wake alikuwa amehamishwa. Lile swali nililitoa kwenye mtihani wa shule nyingine, jibu lake sikulijua. Niliposoma karatasi yako niliona aibu, mtoto kunizidi. Nilijua hukuiba."

"Ulijua."

"Nilijua. Na nimefundishia karatasi hii miaka yote mpaka nilipostaafu. Walikuwa wananiita bingwa wa mdororo." Aliinamisha kichwa. "Nimekuja tuyamalize, mama. Mimi na wewe, hapa hapa. Ukisema nije na wazee wawili wa kanisa, nitakuja nao."

Kwa miaka thelathini na mitano Judith alikuwa amedhani anamchukia mtu aliyekosea. Sasa alikuwa na mtu aliyeiba, na aliyemwita mwenye mali mwizi. Hasira ilimtulia, ikawa baridi na nzito.

"Mimi hukunichania faragha," alisema. "Na baba yangu hukumwambia faragha, ulimwambia mbele ya mkuu wa shule na makarani. Utakwenda Gendabi. Utamwambia mama yangu na wazee waliobaki. Usipokwenda, haya uliyoniambia nayasema Jumapili kanisani wakati wa matangazo."

"Mimi ni mgonjwa wa miguu, Judith."

"Baba yangu alitembea. Wewe tutakukodia bodaboda."

Walikwenda Alhamisi, pikipiki mbili, Judith mbele na mwalimu nyuma, vumbi la yule wa mbele likimwingia wa nyuma njia nzima. Kwenye boma mdogo wake Judith alikuwa amewaita wazee watano. Mama yake alikaa mlangoni, ameshajikunja kwa umri, masikio yamebaki kidogo sana.

Mwalimu alivua kofia. Alisema kwa Kiswahili, Judith akatafsiri kwa Kidatoga, kuwa yeye ndiye aliyemfukuzisha binti huyu shule, na kwamba binti hakuiba kitu.

"Anasemaje?" mama aliuliza. "Sauti yake haijanifika sikioni."

"Sema kwa sauti," Judith alimwambia mwalimu.

Akasema kwa sauti.

"Bado hajasikia. Sogea."

Mzee alisogea, akapiga goti moja kwa shida, mkongojo ukimyumbia mkononi, akapaza sauti mpaka mbuzi wakageuka. "Binti yako hakuiba! Mimi ndiye mwizi! Niliiba mimi!"

Judith alitafsiri neno kwa neno, sikioni kwa mama yake, hakupunguza hata moja. Wazee walitazamana. Mmoja wao, aliyekuwa rika la marehemu, akatema mate pembeni na kusema jina la Gidabuday.

Mke wa mdogo wake Judith alikuwa ametoka na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya mgeni, kama inavyopasa. Bibi kizee akanyoosha mkono wake mkavu akakizuia.

"Mwambie kwamba mume wangu amekufa na aibu ambayo haikuwa yake," alisema. "Simpigi, wala simtukani. Ila maziwa yangu hanywi."

Judith akatafsiri na hilo. Kibuyu kikarudishwa ndani. Mwalimu Nicodemo aliinuka kwa kushikwa kwapa na dereva wa pikipiki, na jua lilikuwa kali sana, na hakuna aliyempa hata maji.

Hakurudi darasani. Alituma barua kwa katibu kuwa afya haimruhusu. Habari zilipanda mlima kabla ya wiki kuisha, na Daudi ikagawanyika. Wapo waliomsifu Judith. Wapo waliosema mtu mzima hapigishwi magoti, na baadhi ya kina mama wa jumuiya waliacha kupita kwake. Vijana wa darasani walinung'unika kuwa mtihani umekaribia na mwalimu hawana. Judith akashika chaki yeye. Aliwafundisha wiki tano, kuanzia Versailles hadi vifaru vya Ujerumani vinaingia Poland, bila kitabu mkononi.

Mtihani ulifanyika Novemba. Kabla ya Noeli alikwenda kuungama kama kawaida. Alipiga magoti akataja uvivu wa sala, maneno makali aliyomwambia mkwe wake, na wivu kwa jirani aliyepata ndama jike. Padri aliuliza kama kuna jingine.

Judith aliliona goti la mzee kwenye vumbi la Gendabi, na kibuyu kikirudi ndani. Alijichunguza moyoni kwa haki kabisa, akitafuta kama kuna mahali panapojutia. Hakupaona.

"Hakuna jingine, Padri," alisema, akapokea malipizi yake, akaenda kukata majani ya ng'ombe.