Nukta ya Rangi ya Kucha

Fundi alikuwa na mkono mmoja mezani, mwingine mfukoni. Ndivyo anavyokaa mtu mwenye akili akifungua amplifaya ya gitaa yenye valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kwa ndani, maana umeme wa humo hauna shemeji. Shemeji yake mwenyewe, mpiga gitaa waliyemwita Nyuzi, alikuwa juu ya stuli akitafuna njiti ya kiberiti.

"Valvu mpya hizo, shemeji. Zichomeke tu, nina kazi jioni."

"Unadhani ni balbu? Kila jozi ina tabia yake. Nisipozipimia umeme upya zitakunywa umeme kupita kiasi, zife."

Alisema hivyo kwa ubabe. Kisha akaiona skrubu ya kurekebishia umeme huo. Juu yake palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Ilikuwa kazi ya mkewe. Kwa miaka kumi na tisa, Fundi akishapima, mkewe alikuja na kichupa chake, akadondosha tone moja ili skrubu isilegee kwa mtikisiko. "Toka hapo," alimwambia kila mara, "wewe unapaka kama unapiga lipu." Tangu wamzike, mwaka wa pili huu, Fundi aliziacha skrubu zake bila rangi, na wateja wakirudi kulalamika aliwasingizia wapiga ngoma. Amplifaya nyingine zenye nukta zilishauzwa mbali au kufa. Alikuwa amebakiwa na hii, wala hakumwambia mtu.

Basi akafanya kosa ambalo kama angelifanya fundi mwingine, yeye angemcheka wiki nzima. Akachomeka valvu mpya bila kugusa skrubu, akawasha. Huenda zikakubali, alijiambia, kama vile valvu zina huruma. Mita ya kupimia umeme huo ilitakiwa isome thelathini na tano. Ikapanda hadi sitini na mbili, na bati lililo ndani ya kioo likaanza kuiva kama jiko la mkaa.

"Shemeji, zinaungua!"

Fundi akazima.

"Mbona skrubu hukuigusa?"

"Hiyo nukta ni ya dada yako," Fundi alisema. "Ndiyo ya mwisho."

Nyuzi akainama, akaitazama. Njiti ikamdondoka mdomoni.

"Angekuchamba leo," alisema. "Unaunguza valvu za mdogo wake kwa ajili ya rangi ya kucha?"

Fundi akacheka, machozi yakamtoka papo hapo, akayafuta kwa mkono wa shati. Akawasha tena, akashika bisibisi. Rangi ikapasuka, ikaanguka vipande viwili. Akazungusha taratibu mpaka mita ikatulia kwenye thelathini na tano. Nyuzi akachomeka gitaa, akapiga nyuzi tatu nne, sauti ikatoka nene na laini, ile ile ambayo marehemu alikuwa akiacha sufuria jikoni aje kuisikiliza mlangoni.

Akazima, akafungua droo, akatoa kichupa. Rangi ilikuwa imeganda nusu. Akatia matone ya tina ya kuyeyushia rangi, akatikisa, akadondosha. Ikamwagika hadi pembeni mwa skrubu, donge zima.

Lipu tupu. Fundi akabaki ameinama na kichupa mkononi, akisubiri aambiwe atoke hapo.