Vidole Viwili vya Wifi

Kila Jumamosi, jua likiwa bado linapiga miayo, watu kumi na wanne wenye baiskeli hukusanyika kituo cha mafuta cha njia panda. Yumo kinyozi ambaye ndiye nahodha, yumo mwoka mikate, yumo mwalimu wa hesabu, na wanawake ni wawili tu. Ukiwasikia wanavyotaniana pale utadhani wanakwenda harusini. Wakishavuka reli, utani kwisha. Ni kilomita ishirini na sita hadi mnara wa maji, kisha kurudi, nao huenda mbio kana kwamba wameambiwa nyumba zao zinaungua. Anayeachwa ameachwa.

Mwanamke mdogo kati ya wale wawili alikuwa mshonaji wa sare za shule. Kwa kazi yake na kwa wembamba wake, wakamwita Sindano. Wa pili alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mfua mashuka hospitalini. Huyo walimwita Hana Breki, maana hata mteremko uwe mkali namna gani, breki hazigusi.

Huyo wifi ndiye aliyemfundisha. Miaka sita nyuma, Sindano alikuwa amejifungua mapacha na mgongo umempinda kwa kuinamia cherehani. Wifi akamletea baiskeli yake ya zamani, akamshikia kiti uwanjani, akawa anakimbia nyuma yake huku kanga inamdondoka.

"Kanyaga, wifi! Usitazame chini!"

"Usiniachie!"

"Nilishakuachia zamani! Unakwenda mwenyewe, we mwanamke!"

Tangu siku hiyo, Sindano hakuwa na rafiki mwingine.

Sasa, kuna jambo la kulijua. Watu hawa huenda kwa mstari, gurudumu la huyu karibu kabisa na gurudumu la yule, ili wa mbele awakatie wenzake upepo. Wanapokezana. Aliye nyuma haoni barabara, anaona mgongo wa mwenzake basi. Kwa hiyo wa mbele akiona shimo, anashusha mkono upande wa lile shimo na kunyoosha vidole viwili, na kila mtu anampitishia wa nyuma yake. Hakuna anayeuliza. Vidole vikishuka kulia, unakwenda kushoto. Kinyozi humwambia kila mgeni maneno yale yale: "Mwenzako unaweza kumchukia. Unaweza kumwacha njiani akalia. Lakini shimo utamwonyesha."

Mwaka ule zikatangazwa mbio kubwa za vilabu. Nafasi zilikuwa tano: wanaume wanne, mwanamke mmoja. Kinyozi hakutaka maneno ya pembeni. Akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mwanamke atakayekuwa wa kwanza kugusa mnara, huyo ndiye.

Wifi alikuwa na miaka arobaini na tatu, na nafasi kama ile ilikuwa imempita mara mbili. Mwaka mwingine miguu isingemngoja. Sindano naye, tangu kuzaliwa, hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote. Shule aliishia darasa la saba, mashine ya kushonea alirithi, hata posa ya mumewe kwanza ilikuwa imeletwa kwa dada yake. Hii moja aliitaka kwa moyo wake wote, na aliogopa kuitaka.

Ijumaa wifi akaja mlangoni, mikono ingali inanuka sabuni ya hospitali.

"Wifi, kesho tusiuane. Tupokezane mpaka kiwanda cha matofali. Pale, kila mtu na miguu yake."

"Nami nilitaka kukuambia hivyo hivyo."

"Na atakayefika wa pili ampigie mwenzake makofi. Bila kununa!"

"Utapiga mpaka viganja viwake moto."

"Mtazame! Mdomo umemwota huyu!"

Wakacheka hadi mume wa Sindano akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Asubuhi yake upepo ulikuwa wa uso kwa uso. Sindano alisali kama kawaida, mkono juu ya usukani: Ee Mungu, nirudishe kwangu mzima. Walipovuka reli, wifi akamsogelea.

"Nifiche kidogo, wifi. Usiku kucha nilikuwa na mama, miguu yake imevimba tena."

Mama huyo ni mkwe wa Sindano. Angekataaje? Akakaa mbele. Akakata upepo kilomita kumi na mbili, kifua kinawaka, mate yamekauka, na hakumwomba mtu ampokee. Walipokaribia kiwanda cha matofali, wifi akapita mbele. "Pumzika sasa, umenibeba vya kutosha." Sindano akajificha nyuma ya mgongo ule mpana, akamshukuru Mungu kwa kumpa wifi mwenye utu.

Kwenye kona ya kiwanda, watu wa mabomba walikuwa wamechimba katikati ya wiki na kufukia nusunusu. Wifi alipita pale kila siku akienda kazini.

Sindano aliuona mkono wa kulia wa wifi yake ukiachia usukani. Ukashuka. Vidole viwili vikafunguka. Kisha vikajikunja, mkono ukarudi mahali pake, na baiskeli ya mbele ikahepa kushoto.

Gurudumu la Sindano likaingia shimoni.

Alipofumbua macho alikuwa kwenye vumbi la matofali, bega na goti vimechubuka, rimu imepinda kama sahani iliyokanyagwa. Msafara ulikuwa umekwisha kuwa mdogo kule mbele. Aliyesimama ni mwoka mikate peke yake, kwa sababu alikuwa nyuma yake hatua moja na nusura amkanyage.

"Uko mzima?"

"Mzima. Uliona?"

"Niliona nini?"

"Mkono wake."

Mwoka mikate akatazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa nyuma sana, dada yangu."

Hatua moja, jamani.

Nyumbani, mumewe, fundi rangi, alimsafisha vidonda kwa mikono ile yenye madoa meupe.

"Dada amepiga simu analia. Anasema hakuliona."

"Aliliona."

"Wewe ulikuwa unatazama mgongo wake. Utajuaje alichokiona?"

"Alianza kunionyesha, akaghairi."

"Mama watoto, huyu ndiye aliyekufundisha kuendesha. Yeye ndiye anayemgeuza mama kitandani. Nafasi umeikosa, najua inauma. Usiniletee moto ndani ya ukoo." Akamfunga kitambaa taratibu, kwa upole, na upole ule ukamchoma kuliko dawa.

Wiki nzima alishona sare bila kusema. Alijaribu kumwombea wifi yake, sala ikakwama njiani. Mwishowe akamwambia Mungu wazi: "Hili leo siliwezi. Nitarudi nalo kesho." Kesho yake likawa bado haliwezekani.

Jumatano wifi akaja na gurudumu jipya, bado lina karatasi zake.

"Chukua, ni langu la akiba."

"Asante. Liegemeze hapo."

"Umeninunia."

"Sijanuna."

"Wifi, haki ya Mungu, sikuliona."

"Usimtaje, wifi. Yeye alikuwepo."

Wifi akaondoka bila kuaga watoto. Gurudumu likabaki pale mlangoni, halikuguswa.

Jumamosi Sindano akaja na gurudumu la kuazima kwa mwalimu wa hesabu. Wanaume walikuwa wanampongeza Hana Breki, kwamba sasa ni mtu mkubwa, aombwe miadi. Yeye alicheka, lakini macho yalikuwa yanamtafuta Sindano na kumkimbia.

Zamu zilizunguka zenyewe. Walipokaribia kiwanda cha matofali, Sindano ndiye aliyekuwa mbele, na mgongoni kwake, akihema kwa namna anayoijua hata gizani, alikuwa wifi.

Shimo lilikuwa lipo. Hakuna aliyelifukia.

Alikuwa ameliwaza siku saba. Hakuna dhambi nyepesi kama ile: huhitaji kufanya kitu, unauacha tu mkono kwenye usukani. Na atakayeuliza ataambiwa, sikuliona. Jibu tayari lilikuwepo, limetumika na limekubaliwa.

Mkono wake ukashuka kulia. Vidole viwili, vimenyooka. Na sauti juu yake:

"Shimo kulia!"

Nyuma yake breki zikalia kriiii.

Mstari ukavurugika. Mmoja akaingia majanini, mwingine akapandia baiskeli ya mwenzake. "We mama, unafungaje breki katikati ya watu?" "Leo kazitoa wapi hizo breki?" Mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, msafara mzima ulisimama.

Kinyozi akasogea mbele. "Umeonyeshwa waziwazi. Kushoto kweupe, hata lori linapita. Breki ya nini?"

Wifi alikuwa amesimama, miguu imeshika ardhi pande zote. "Nilidhani kushoto ndiko..."

Sindano akageuka. "Ulidhani nini, wifi?"

Wifi akatazama shimo kulia, akatazama barabara safi kushoto. Mwoka mikate akainama kukaza kamba ya kiatu ambayo haikulegea.

"Basi," akasema Sindano, "kila mtu na miguu yake."

Akaondoka. Wanaume wenye nguvu walimpita kabla ya mnara, lakini wifi hakumfikia. Alipofika wa mwisho, akashuka na kuisukuma baiskeli hadi alipokaa Sindano. Akaviinua viganja, akapiga kofi moja, la pili. La tatu likakosa nguvu. Sindano hakumtazama usoni. Aliangalia vile vidole.

"Mwambie Kinyozi aandike jina lako," wifi akanong'ona.

"Mwambie wewe. Na umwambie sababu."

"Wifi, mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya hawa hawa. Ukimaliza, mpitie kaka yako, umwambie na yeye. Gurudumu lako lipo mlangoni."

Wifi akawatazama wanaume waliokuwa wanamwagiana maji kwenye bomba la mnara. Hakuinua mguu. Sindano alimngoja muda wa kunywa chupa moja ya maji, akiinywa polepole. Ilipokwisha akaifunga, akapanda baiskeli, akashika njia ya kurudi peke yake.

Upepo sasa ulikuwa unamsukuma, na hakukuwa na mgongo wa kumzibia barabara, kwa hiyo mashimo yote aliyaona mwenyewe. Na kwa kila shimo mkono wake ulishuka, vidole viwili, ingawa nyuma yake hapakuwa na mtu.