Dakika Kumi za Kulipasha Gari Moto

...dakika kumi, fundi magari alisema dakika kumi zinatosha, likishapata joto linatulia, ule moshi wa buluu unakata na ile kongo-kongo ya injini inakwisha, basi nimekaa hapa kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye pedeli ya mafuta, kidogo kidogo, yule muuguzi anayetaka kulinunua kasema atafika saa tatu kuliona, na mimi simwambii kitu, akiuliza matairi nitamjibu matairi, akiuliza viti nitamjibu viti... Mungu anaona? Na aone, mbona Mstaarabu aliponiuzia gari hili Mungu hakuonekana kushtuka, Mstaarabu, ndivyo mtaa mzima unavyomwita kwa vile anavyokaribisha watu kwa mikono miwili, karibu dada, keti dada, gari hili nimelilea kama mwanangu, akanipiga changa la macho mchana kweupe, mimi fundi cherehani wa miaka kumi na tisa, mimi nisiyenunua hata mita moja ya kitambaa bila kukigeuza nione upande wa ndani, nikakagua viti! nikasifu mshono wa viti, mjinga mimi, nikatia sahihi, na kesho yake asubuhi sare za shule zimejaa nyuma, nawasha, moshi mpaka jirani akafunga madirisha, nikamfuata kwake, akasimama mlangoni na mswaki mdomoni, dada, ulilikagua ukaridhika, sasa unataka nini kwangu... natamani ule mswaki ungemkaba, naapa, natamani aniletee suruali nimshonee kwa uzi uliooza, impasukie mbele ya wakwe...

"Dada! Mgeni kapiga simu, kafika kona!" mdogo wangu huyo, dirishani, nimesikia, nimesikia, moshi bado kidogo, naona kwenye kioo, ukatike basi... na wakili naye, mteja wangu, nilikuwa nampima koti, pini zimenijaa mdomoni siwezi hata kuuliza, akanieleza, ukinunua dukani kuna kinga zake, lakini mtu kwa mtu, mama, macho yako ndiyo mlinzi wako, muuzaji halazimiki kukusimulia ubovu, kunyamaza tu si kosa, ila akikudanganya ulipomuuliza, au akifanya hila ubovu usionekane, hapo unaye mkononi, unadai mauziano yavunjwe, na mimi katika yote hayo nikashika kunyamaza tu, kumbe kunyamaza ruksa, basi nami nitanyamaza, mwingine naye aonje, muuguzi anataka gari la kumpeleka mama yake kliniki, aonje tu, nani alinihurumia mimi... lakini huku kukanyaga mafuta tangu saa tatu kasoro dakika kumi, huku ni kunyamaza? Hii ni hila. Hila yenyewe hasa, na muuguzi akirudi hapa keshokutwa amevimba kwa hasira nitamtokea mlangoni na mswaki... ngoja. Ngoja kwanza. Siku ile ya kununua niliegemea boneti nipate pa kuwekea karatasi ya mauziano, nikatoa mkono haraka, la moto! nikamuuliza Mstaarabu, umetoka nalo safari? Akacheka, aa, dada, tangu jana halijawashwa, jua tu hilo, na jua lenyewe lilikuwa wapi, mawingu matupu, nilivaa sweta! Nilimuuliza. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, na akanidanganya, alikaa kwenye kiti hiki hiki na mguu wake hapa hapa, ananingoja mimi, ewe mshenzi, kumbe ninaye, na mimi nilikuwa nakwenda kumkabidhi muuguzi ushahidi wangu wote, gari lenyewe, pamoja na funguo, halafu niende kwa wakili na nini, na hadithi? Hodi, anasema muuguzi nje ya geti, hodi wenyewe, na injini inaunguruma laini kabisa, ungedhani jipya, sauti hiyo hiyo niliyoipenda siku ile, pole muuguzi, umekuja bure, utakunywa chai uende zako, siliuzi, siliuzi ng'o, halitoki hapa mpaka Mstaarabu aje aliwashe likiwa baridi, mbele ya hakimu.