Koromeo la Makokha

Jumamosi moja, mwaka wa hamsini na sita, Truphosa alikuwa anafua ovaroli ya mumewe nje ya nyumba yao ya reli, Nakuru, gadi wa gari moshi alipomletea mkebe kutoka chuo cha walimu. Ndani mlikuwa na maji ya chumvi na kitu cha waridi chenye pete pete, kama bomba la shingo ya mbuzi. Chepkemboi, jirani wa ukuta mmoja, akachungulia.

"Mama Makokha, hiyo ni ya supu. Weka sufuria."

Sufuria ikawekwa. Maji yalipoanza kupata moto, kile kitu kikakohoa, kikamwamkia mama kwa Kibukusu, "Mulembe, mayi."

Truphosa akaepua. Ilikuwa sauti ya mwanawe, ile ile aliyomlilia nayo tangu utotoni.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Makokha alikuwa anasomea ualimu wa Kiswahili na elimu ya lugha, na kule chuoni, muhula wa pili, mwanafunzi hutolewa koromeo la kwao akatiwa jingine lililo safi. La zamani hurudishiwa mzazi, kama nguo za mgonjwa. Rahab wa nyumba ya mwisho alikuwa na la binti yake dirishani. Walimu walisema bila hivyo mtu hapati cheti.

Truphosa akaliweka kwenye bakuli, akawa analilisha uji wa wimbi kwa kijiko. Uji uliingia juu ukatokea chini, pamoja na kamasi. Lilinuka. Mchana nzi, asubuhi utando. Lakini lilimwamkia kila kukicha, likamuuliza nyanya anaendeleaje na mguu, likaimba nyimbo za kuchunga ng'ombe hadi majirani wakagonga ukuta. Kinyaa kilimshika, na kulitupa hawezi. Alikuwa anangoja mwenyewe afunge chuo, aje alimeze, mambo yaishe.

Makokha akaja, tai shingoni, ananukia sabuni ya hospitali. Mama akamsalimia kwa Kibukusu. Kijana akamtazama midomo tu, kama kiziwi.

"Mama, sema Kiswahili. Tena kile sanifu."

"Haya, baba. Chukua hii kitu yako umeze."

Kitambaa kikaenda puani. "Hilo ni taka. Nikilimeza nitanyang'anywa cheti."

"Sasa mimi nitaongea na nani?"

"Si unaongea nalo?"

Baadaye alirudi na Mzungu wa lugha na mashine ya kunasa sauti. Makokha alikuwa anatafuta shahada, shahada ilitaka utafiti, na utafiti ulitaka koromeo ambalo halijafundishwa kitu. Wakalipakua kwenye sahani ambayo Truphosa hulia ugali, wakalibana kwa koleo ndogo ili litamke. Likalia. Uji na kamasi vikaruka mpaka kwenye mashine, Mzungu akapangusa.

"Linasema nini?" Mzungu akauliza.

"Sijui, Bwana," Makokha akajibu. "Lakini irabu zimetoka vizuri sana."

"Inasema inaumia," Truphosa akasema.

"Mama, tafadhali. Tunanasa."

Wakalibana tena. Safari hii likamwita mama yake, likamuuliza kwa Kibukusu ni nani huyu anayelifinya hivi. Truphosa akamtazama mwanawe, penseli mkononi, sikio amelitega. Akalijibu kwa lugha hiyo hiyo kwamba ni mgeni tu, ataenda sasa hivi. Makokha akayaandika hayo pia, sauti kwa sauti, akapiga mstari chini.

Shahada ilitoka. Watu wa reli walichinja mbuzi, wakapiga makofi, na Makokha akawashukuru wazazi kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekielewa chote. Kule jikoni Truphosa alikuwa amekandamiza sahani juu ya bakuli, wageni wasisikie kilio. Chuo kikampa kijana kazi. Sasa yeye ndiye anayetoa ya wengine. Mikebe inashuka na gari moshi kila muhula, anwani kwa mwandiko wake mzuri.

Chepkemboi naye ameuza ndama, binti yake amepata nafasi huko. Alikuja kuuliza hivi vitu vinalishwa nini.

"Uji mwepesi," Truphosa akamwambia. "Na usiweke karibu na chakula ya watu."