Nyaya Nane Nyekundu

Nyaya zilikuwa nane, zote nyekundu, na mimi ndiye niliyezipitisha ukutani kuendesha boila la kupasha nyumba joto. Nilizipata mwaka 1981, nilipokuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha sufu hapa Keighley, Uingereza. Roli la waya kiwandani lilikuwa moja, la rangi moja, nami sikuona sababu ya kutafuta rangi nyingine. Nilijua kila waya unakokwenda. Mtu anasahau vipi kazi ya mikono yake?

Nilisahau.

Mke wangu, Muriel, alikuwa ameteleza kwenye barafu mlangoni akavunjika nyonga, na Alhamisi mchana alitakiwa kutoka hospitali. Siku chache kabla, nesi alikuja kukagua nyumba. Akashika radieta ya sebuleni, lile bomba bapa la kupashia chumba joto, akaikuta baridi. Akapanda ghorofani, akashuka anajifuta jasho.

"Mkeo hawezi kupanda ngazi, Bwana Holroyd," aliniambia. "Atalala huku chini, na huku chini pawe na joto la sawasawa usiku na mchana. Ikishindikana, aanzie Beechcroft mpaka baridi ipungue."

Beechcroft ni nyumba ya wazee. Dada yake Muriel aliingia pale kwa wiki mbili, akatoka ndani ya jeneza. Muriel si mtu wa kuomba, lakini alinishika mkono pale kitandani akasema, "Clifford, usiniache niende kule."

Basi Jumatano asubuhi akaja Nasreen, binti wa Akhtar wa mtaa wa pili, fundi wa gesi mwenye cheti chake na gari lake. Alilipima boila, akasema lenyewe bado ni zima, shida ni linavyoendeshwa. Saa yangu ya zamani ya boila ilijua mambo mawili tu: kuwasha nyumba nzima au kuizima nzima. Yeye angefunga saa mpya, na vali ya kupeleka joto chini bila kuchoma juu. Kisha angeniachia kidude cheupe kisicho na waya, cha kuweka popote, kinachopima joto la chumba na kuliamrisha boila.

Akafungua boksi la nyaya kwenye kabati la chini ya ngazi. Akamulika waya mmoja baada ya mwingine.

"Nani alifunga hivi?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Siku moja."

"Inaonekana," alisema.

Nilipiga magoti kando yake na miaka yangu sabini na tisa. "Sogea, binti, unanizibia mwanga."

"Mwanga unao, mzee wangu. Kinachokosekana ni kumbukumbu."

Nikamwonyesha waya wa pampu, kwa uhakika kabisa. Alipourudisha umeme, pampu ilikaa kimya na taa ya ngazi ikawaka. Nikamwonyesha mwingine. Hakuna kilichotokea. Wa tatu ulikata umeme wa jiko zima, na birika la umeme likazima kabla maji hayajachemka. Tukawa hatuna joto, hatuna chai, na ilikuwa saa tano asubuhi.

Nasreen aliweka bisibisi chini. "Sibahatishi tena. Hili ni boila la gesi, na siondoki nikiacha nyaya nisizozijua. Itabidi tuchimbe kuta tupitishe mpya. Nafasi ninayo Alhamisi ya wiki ijayo."

"Anarudi kesho."

"Najua. Nisamehe."

Nilipiga teke mlango wa kabati, nikaumia kidole. Nilikuwa na hasira na kiwanda, na nyaya, na huyu binti mwenye ulimi, na zaidi ya wote na yule kijana mjuaji wa 1981 ambaye hakuandika chochote kwa kuwa alijiona hatasahau. Nikachukua simu kumweleza Muriel.

"Umekwama," alisema kabla sijasalimia.

"Nani kasema?"

"Unahema kama ng'ombe. Ni zile nyaya?"

"Sikumbuki upi ni upi, Muriel. Nimejaribu, nimeshindwa. Kesho hawatakuleta nyumbani."

Akasema, "Bandua karatasi ya ukuta. Kando ya mlango wa kabati, usawa wa kiuno."

"Karatasi yako?" Ile yenye maua ya njano aliibandika mwenyewe, na miaka yote hii hajamruhusu mtu hata kuiegemea.

"Bandua. Orodha iko chini yake."

"Nani aliiandika?"

"Wewe Clifford, tochi ulishikiwa na nani?"

Nasreen alikuwa amesikia yote. Alinipa kwanguo. Kwetu huku, mtu akibandika karatasi huandika kwanza jina na tarehe ukutani, basi nilitegemea kukuta hivyo tu. Nilikuta mwandiko wa Muriel kwa penseli, mistari minane: *wa kwanza kutoka kushoto, pampu; wa pili, saa*, mpaka wa nane. Chini yake palikuwa na maneno mengine, na Nasreen akayasoma kwa sauti.

"*Novemba 1981. Alisema atamaliza kabla ya chai. Leo ni siku ya nne. Nasikia baridi, na nimechoka kuambiwa namzibia mwanga. M.H.*"

Alianza kucheka, akanitazama, akaacha.

Siku nne. Kwenye baa nilikuwa nikisimulia siku moja, peke yangu, na Muriel amekaa kando yangu na glasi yake, hasemi kitu. Na ile saa ya boila sikuwahi kumruhusu aiguse, eti ataiharibu. Akisikia baridi alikuja kuniomba mimi, nami nilimwambia avae sweta. Niliona aibu, tena mbele ya binti wa Akhtar.

Nasreen alipima nyaya zote nane kwa orodha ile, moja baada ya nyingine. Hakuna hata mmoja uliokosewa. Saa kumi jioni radieta ya sebuleni ilikuwa na joto.

Kesho yake watu wawili wa gari la wagonjwa walimwingiza Muriel kwenye kiti. Kitu cha kwanza alichotazama ni ukuta.

"Umeibandua mshazari."

"Nitakubandikia mpya."

"Iache."

Nikamletea kile kidude cheupe, nikaanza kumweleza kwamba nyuzijoto ishirini na moja zinatosha na kwamba asikigu... Nikakatiza hapo. Nikakiweka mkononi mwake.

Alikigeuzageuza, kisha akakizungusha mpaka ishirini na tano. Nilivua sweta, nikaenda kuchemsha chai.